Damu yetu mnaipeleka wapi? Niliyoyaona nikizunguka na dodoso la sikoseli

Watoto ndo walikuwa wa kwanza kutuona. Ukishuka tu kwenye boda, mimi na mwenzangu na lile boksi la bluu la barafu, unasikia huko kwenye michungwa "mumiani haooo", yani wanyonya damu, halafu vicheko na vumbi la miguu inayokimbia. Sisi tunacheka. Wazazi nao wanacheka, wanatukaribisha vizuri tu, mkeka unatandikwa, ila ukiangalia sawasawa unaona mama kamvuta mwanae mdogo kamweka katikati ya magoti.

Hiyo ilikuwa Muheza, vijiji vya ndani huko, na kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali. Nilikuwa nimemaliza diploma, nimekaa nyumbani Tanga mjini mwaka mzima nasukuma siku, bi mkubwa anakaanga vitumbua mi nampelekea wateja, ndo rafiki yangu akanipigia kwamba kuna mradi wa utafiti unatafuta vijana wa kuhoji watu kuhusu sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wanataka kujua jamii inauonaje ugonjwa, inawaonaje wagonjwa, na wapo tayari kiasi gani kutoa damu ya watoto wao ipimwe. Posho nzuri. Mradi siutaji jina, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Sikuwaambia kwenye usaili kwamba mdogo wangu wa kike anao. Nilihisi wataona mtu mwenye jambo lake moyoni hafai kuuliza wengine. Au labda nilikuwa nimezoea tu kutosema, maana kwetu hilo neno lilikuwa halitamkwi mbele ya wageni, anaambiwa mgeni "huyu ana miguu tu inamsumbua, baridi".

Mafunzo yalikuwa siku tano kwenye ukumbi, chai na sambusa, na tukapewa tableti zenye dodoso. Maswali mengi yalikuwa ya kusoma sentensi halafu mtu achague namba: 1 nakataa kabisa, 2 nakataa, 3 sina uhakika, 4 nakubali, 5 nakubali kabisa. Msimamizi alisisitiza sana kuhusu ile tatu, alisema tatu zikizidi mnatuharibia data, mtu akisema hana uhakika mchimbeni mpaka aseme upande. Usiku narudi nyumbani nafanya mazoezi kwa mdogo wangu, amelala kwenye kochi na chupa ya maji pembeni kama kawaida yake, namsomea "mtu mwenye sikoseli anaweza kuishi maisha ya kawaida" anajibu "andika mbili, na leo mgongo ukiendelea hivi andika moja". Kwa siku mbili alishakariri dodoso lote, namba na maswali, kuliko mimi.

Sasa twende kijijini. Mzee mmoja, miaka sabini na kitu, shikamoo marahaba, kanipa kigoda yeye kakaa kwenye gogo. Namsomea: mtu mwenye sikoseli anastahili kuoa na kuolewa kama wengine. "Nakubali mwanangu." Tunaendelea, baada ya maswali kama kumi linakuja lilelile limegeuzwa, waliweka makusudi kupima kama mtu anasikiliza: watu wenye sikoseli wasioe wala kuolewa. "Nakubali mwanangu." Nikamwangalia. Nikasema babu, hapo mwanzo si umesema waoe? Akacheka akasema, "Wewe umetoka mjini na jua lote hili kuja kuniuliza mimi, nikukatalie vipi?"

Aisee nilirudi nikamsimulia msimamizi nikidhani atacheka, hakucheka, aliandika kwenye daftari lake. Ila mi hiyo ilinikaa. Maana pwani mgeni hakatwi maneno, na mtu aliyevaa kitambulisho shingoni anakatwa hata kidogo zaidi, kwa hiyo zile nne na tano zote tulizokuwa tunakusanya kuna sehemu kubwa ilikuwa ni adabu tupu. Tulikuwa tunapima ukarimu tunauita mtazamo.

Halafu maneno. Dodoso lilikuwa limetafsiriwa na watu waliokaa kwenye kiyoyozi, samahani lakini ndo ukweli. Kulikuwa na sentensi inasema "mtu anaweza kuwa mbebaji wa sikoseli bila kuugua". Mbebaji! Kijijini mbebaji ni wa magunia, au ndo yule anayebeba vijidudu vya kipindupindu akasambaza, kwa hiyo kila tukisoma ile sentensi watu wanauliza kwa hiyo tusikae nae karibu? Yani swali lenyewe lilikuwa linapanda woga ambao hatukuukuta. Baada ya wiki tukaanza kusema kienyeji, "kairithi nusu", baba kakupa nzima mama kakupa yenye kasoro, au kinyume chake, basi una nusu, huumwi, ila unaweza kumpa mtoto. Hapo watu wanaelewa fasta maana mambo ya urithi nani asiyeyajua.

Kingine kilichonisumbua ni hesabu ya robo. Wazazi wote wawili wakiwa na nusu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye sikoseli kamili. Tulikuwa na kadi yenye picha ya watoto wanne, mmoja kapakwa rangi nyekundu. Mama mmoja akaiangalia ile kadi akafurahi kabisa, akasema "alhamdulillahi, mi wangu wa kwanza ndo huyo mgonjwa, kumbe wanaofuata watatu wazima". Nilijaribu kumwelewesha kwamba kila mimba inaanza upya kama kurusha shilingi, haikumbuki iliyopita. Akaniangalia kama vile namwombea mabaya. Na kadi yetu ndo ilimdanganya, si yeye, picha ilionyesha watoto wanne mmoja mwekundu, yeye kaisoma kama ilivyo.

Turudi kwenye mumiani, maana hapo ndo nilipojifunza zaidi. Nilikua nasikia ni hadithi za kutishia watoto wasitembee usiku. Kumbe zina umri. Enzi za mkoloni huko Nairobi na Kampala watu walikuwa wanawaogopa wazimamoto, yale magari mekundu, wakiamini wanakamata watu wanawanyonya damu, na huku kwetu neno lilikuwa hilohilo mumiani, ambalo lenyewe asili yake ni jina la dawa, kitu cheusi kama lami kilichokuwa kinauzwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, watu wakaamini kinatengenezwa kwa damu ya binadamu. Ukiangalia unaona hawakuwa wendawazimu. Kuna watu wamekuja, wana magari, wana sindano, wanachukua damu, hawasemi inakwenda wapi na hawarudi. Wewe ungefikiria nini?

Bibi mmoja ndo aliyeniuliza wazi, wengine walikuwa wanazungukazunguka. "Mjukuu wangu, damu yetu mnaipeleka wapi?" Nikaanza kumsomea ile fomu ya ridhaa, kwamba sampuli itahifadhiwa maabara kwa mujibu wa, akanikata. "Hiyo karatasi nimeisikia. Nakuuliza wewe." Nikamwonyesha kichupa, nikamwambia ni mililita 2, kijiko cha chai kinachukua 5, haifiki hata nusu ya kijiko. Akasema sawa, na mwili unairudisha? Nikasema inarudi. Inarudi kutoka wapi?

Hapo nilikwama nikakumbuka supu. Nikamuuliza bibi ukila mchuzi wa mifupa ule uboho wa ndani si unaunyonya? Akacheka, eti meno hamna ila uboho hauhitaji meno. Nikamwambia basi humo ndo kiwanda. Ndani ya mifupa, hasa ya kifua, nyonga na uti wa mgongo kwa mtu mzima, kuna seli ambazo wataalam wanaziita seli shina (mwenzangu alishawahi kuambiwa kwani mwili una mti) na hizo ni mama wa damu yote. Mama mmoja anazaa seli nyekundu za kubeba hewa, seli nyeupe za kupigana na maradhi, na vile vichembe vya kugandisha damu ukijikata. Nyekundu peke yake zinatoka kama milioni 2 kila sekunde. Bibi akasema milioni mbili za nini? Nikasema za seli, si za shilingi. Akasema ooh.

Nilifurahi sana siku ile kwa sababu niliona naeleza kitu nisichokuwa nakijua vizuri mwaka mmoja nyuma. Seli nyekundu ya mtu mzima wa afya inaishi kama siku 120 ndo inachoka. Ya mwenye sikoseli inajikunja kama mundu wa kukatia majani, inanasa kwenye mishipa midogo, inavunjika, inaishi siku 10 mpaka 20 tu, kwa hiyo kiwanda kinafanya kazi mchana na usiku na bado damu haitoshi. Macho ya njano ya mdogo wangu, ambayo shuleni walikuwa wanamwita Simba na Yanga, ni ile takataka ya seli zilizovunjika. Miaka yote ile nilikuwa najua ana macho ya njano, sikuwahi kuuliza kwa nini.

Na kuna wengu. Hii watu wengi hawaijui. Wengu kipo kushoto chini ya mbavu, kazi yake ni kuchuja damu na kukamata bakteria kabla hawajasambaa, sasa kwa mtoto wa sikoseli zile seli za mundu zinaziba mishipa ya wengu mapema sana, ndani ya miaka michache ya mwanzo kinakuwa hakifanyi kazi, kimekauka. Kwa hiyo mtoto yupo kama nyumba isiyo na mlinzi getini, homa ya kawaida tu ya nimonia inaweza kumchukua ndani ya siku moja, na ndo maana wanapewa vidonge vya penisilini kila siku mpaka wafike miaka 5 angalau, na chanjo. Mama mmoja alikuwa ameacha kumpa mwanae penisilini, namuuliza kwa nini, anasema "mtoto haumwi, dawa ya nini?" Tuliandika "hafuati matibabu". Kulikuwa hakuna kisanduku cha kuandika kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari ya wengu.

Jambo ambalo mpaka leo nalifikiria ni la miezi sita. Kwenye nyumba nyingi tulizoingia zenye mtoto mgonjwa, stori ya mwanzo inafanana mno. Mtoto kazaliwa mzima, mnene, mzuri, kila mtu anamsifia, halafu miezi sita, saba, nane, ghafla mikono na miguu inavimba, analia usiku kucha. Na kila nyumba ina mtu wake. Jirani aliyekuja akamshika mashavu, shangazi asiyezaa, mke mwenza. Kwetu alikuwa mama mmoja mpangaji, alimbeba mdogo wangu akasema "mtoto mzuri huyu utanipa", kesho yake vidole vimevimba kama ndizi, na yule mama alihama mwezi huohuo kwa maneno. Mdogo wangu akachanjwa chale, akafungwa hirizi, bibi mzaa baba akasema wazi hili jicho.

Kumbe maelezo yapo kwenye damu yenyewe. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini (ile protini ya kubeba hewa ndani ya seli nyekundu) ya aina nyingine, ya kitoto, na damu yake mwanzoni wala haitengenezwi kwenye mifupa, inaanzia kwenye kifuko kidogo nje ya mwili wake, halafu inahamia ini, ndo baadae uboho unachukua kazi. Ile himoglobini ya kitoto haijikunji. Akizaliwa bado anayo nyingi, inamlinda, halafu taratibu mwili unabadilisha kwenda ya kikubwa, na ikifika miezi sita hivi ile ya kitoto imebaki kidogo, yenye kasoro imeshika nafasi, ndo ugonjwa unajitokeza. Yani ugonjwa unakuja hasa wakati mtoto ndo amenona na kuanza kucheka na watu. Ungekuwa unakuja siku ya kuzaliwa nadhani tusingelaumu jicho la mtu. Tungelaumu kingine, ila si jirani. Nilipoelewa hili nilitaka nimtafute yule mama mpangaji nimwambie. Sijui alihamia wapi.

Tena hiyo himoglobini ya kitoto ndo inayokimbiliwa na baadhi ya dawa. Haidroksiurea, ile dawa ambayo Marekani waliipitisha kwa sikoseli mwaka 1998, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuurudisha mwili utengeneze ile ya kitoto tena. Kwa Afrika watu walisita miaka mingi, wakisema huku kuna malaria, kuna lishe duni, dawa inashusha seli nyeupe je watoto si watakufa kwa maambukizi, mpaka ukafanyika utafiti wa watoto 606 kwenye nchi nne, Kilifi hapo Kenya, Mbale Uganda, Kongo na Angola, majibu yakatoka kati ya 2018 na 2019 kwamba maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua. Ila dawa ilianzia kwenye saratani, na karatasi ya ndani ya boksi inasema hivyo. Bi mkubwa alipewa hiyo dawa ya mdogo wangu, kijana wa duka la dawa akamsomea ile karatasi kwa sauti, "hii ni ya kansa mama", akairudisha. Miaka miwili mdogo wangu hakuitumia kwa sababu ya sentensi moja. Na anapoitumia lazima apimwe damu mara kwa mara kuangalia seli nyeupe hazijashuka sana, kipimo kina gharama, nauli ina gharama, kwa hiyo mtu akikwambia "watu wetu hawapendi dawa" muulize kwanza anakaa umbali gani na maabara.

Ukitaka kulia sasa soma habari za mwaka 2023. Uingereza mwezi Novemba na Marekani mwezi Desemba waliruhusu tiba ya kuhariri jeni, wanatoa seli shina za mgonjwa mwenyewe, wanazima swichi moja inayofungia himoglobini ya kitoto, wanazirudisha kwenye uboho. Yani wanamrudisha mtu kwenye damu ya utoto wake. Bei Marekani dola milioni 2.2. Mdogo wangu nilimsomea akasema "wauze Tanga yote na mimi ndani yake haifiki". Hapa nyumbani Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wameanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye sikoseli mwaka huohuo 2023, hiyo inatumia uboho wa ndugu anayefanana nae, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja nafasi ya kufanana kabisa ni moja kati ya nne. Robo tena. Akaniuliza, kama mtu anauliza kwa kupitisha muda, "we ungenipa?" Nikasema ningekupa leo. Akasema "ulivyo muoga wa sindano". Ana miaka 24, madaktari wenyewe wanasema kwa mtu mzima mambo ni magumu zaidi kuliko kwa mtoto, kwa hiyo tuliishia hapo kwenye utani.

Nyumba yetu ilivunjika kwa hii kitu. Baba alisema damu ya ukoo wa mama mbovu, akaondoka, akaoa kwingine. Sasa mimi nikiwa kwenye mafunzo, yule mtaalam anachora ubaoni baba nusu, mama nusu, mtoto kamili, bila nusu ya baba haiwezekani, nilikaa pale na sambusa mkononi nikahesabu miaka kumi na sita bi mkubwa aliyokaa akijiona yeye ndo sababu. Nilirudi nikamwambia usiku uleule. Hakusema kitu, aliendelea kupepeta mchele. Kesho yake akaniambia nirudie tena, na safari hii polepole.

Na hiyo nusu yenyewe si laana. Daktari Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba watu wenye nusu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndo maana ipo nyingi pwani na ukanda wa Ziwa Victoria ambako mbu hawalali, na ni chache nyanda za juu. Sasa hivi Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 kila mwaka wanazaliwa na sikoseli kamili, tupo kwenye nchi za juu kabisa duniani. Yule bibi wa uboho nilipomwambia hiyo ya malaria alisema "kumbe ni deni, babu zetu wamepona, wajukuu ndo wanalipa". Hakuna kitabu kilichonieleza vizuri kuliko huyo bibi.

Sasa kilichoniondoa. Fomu ya ridhaa ilisema majibu ya damu yatarudishwa kwa familia. Tukachukua sampuli, boksi la barafu likajaa likaenda, mwezi ukapita, miwili, mitatu. Mradi ukafika mwisho wa fedha, wakafanya kikao cha kufunga, chakula kizuri, picha kwenye skrini zenye rangi, asilimia za mitazamo ya jamii. Kulikuwa na slaidi moja inasema "imani potofu kuhusu uchukuaji wa damu". Nikanyoosha mkono nikauliza majibu ya watu yanarudi lini. Wakasema yapo kwenye mchakato.

Mi Muheza napita, nina marafiki huko. Siku moja nanunua machungwa sokoni nasikia naitwa "wewe wa damu!" Ni yule mama wa kadi ya watoto wanne. Alikuwa na mimba kubwa. Hakunigombeza, laiti angenigombeza. Alisema tu "nilikupa damu ya mwanangu na ya mume wangu na yangu, mkasema mtatuambia. Nimekaa nasubiri nikaona nisubiri mpaka lini". Nikamwambia nitafuatilia. Akasema haya, akanichagulia machungwa mazuri, akaniongeza mawili. Nilifuatilia wallahi, simu, meseji, nimeenda ofisini mara tatu, mpaka mtu mmoja wa maabara, si bosi, kijana mwenzangu, akachapa orodha na kuipeleka kwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya, miezi tisa imeshapita tangu tuchukue. Huyo mama alikuwa ameshajifungua. Mtoto alipimwa na kile kipimo cha haraka cha dakika kumi, tone moja tu. Ana nusu, haumwi. Ila hiyo ni bahati yake, sisi hatukuchangia chochote.

Kwa hiyo ukiniuliza mumiani ni imani potofu nitakwambia nilivaa kitambulisho chao na boksi lao nilibeba.

Mengine ni yangu binafsi. Nilikuwa na mchumba wakati huo, na niliwauliza mamia ya watu kama wangekubali kupima kabla ya ndoa, mimi mwenyewe sijapima. Aliyenisema ni mdogo wangu, na alikuwa na haki, maana yeye mwaka ule alikuwa ameletewa posa, kijana mzuri, familia ikaulizia mtaani, ikaja kusema kwa upole kabisa kwamba wamesikia binti ana "miguu inamsumbua". Walipewa chai wakaondoka. Yeye alikaa chumbani, jioni akatoka akasema "hao ni moja, nakataa kabisa" tukacheka wote mpaka bi mkubwa akaja kuangalia kuna nini.

Tukaenda kupima, mimi na mchumba, asubuhi, foleni ndefu. Nilipofungwa ule mpira mkononi nilipata kizunguzungu mchumba akanishika bega, nesi akasema wanaume bwana. Majibu yalichukua siku kadhaa. Mimi nina nusu. Yeye nzima, hana kitu. Nilitoka pale nje nikakaa kwenye benchi nikahisi mwili wote umelegea kama mtu aliyeshushwa mzigo, nikampigia bi mkubwa akapiga vigelegele kwenye simu, shangazi akasema afadhali, afadhali sana.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa kwenye kochi lake. Akasema hongera, kwa moyo kabisa, nikaona. Halafu akakaa kimya kidogo anavuta shuka.

"Na yeye angekuwa na nusu kama wewe, ungemuacha?"

Nikafungua mdomo. Bi mkubwa alikuwa mlangoni na bakuli la vitumbua, na yeye kasimama. Nikatafuta cha kusema, nikaona kila ninachokishika kinamgusa yeye, nikisema ningemuacha namwambia kitu kuhusu yeye, nikisema nisingemuacha najua nilivyokuwa nimekaa kwenye lile benchi.

Akanisubiri, akaona siji.

"Andika tatu," akasema, akanyoosha mkono achukue kitumbua.